Deni Linalomngoja Aliyerudi

Mwanamke aliyetoroka kwa mwajiri wake Saudia huhesabiwa kuwa ameokoka pindi ndege inapotua Nairobi. Kwao Kilifi, Kwale au Mombasa, hesabu nyingine ndiyo kwanza inafunguliwa. Pasipoti na vipimo vya afya vilimgharimu, ajenti akadai chake, na chama kikakopesha. Waliochanga walitarajia karo na mabati. Aliyerudi hana hata nauli ya matatu, na majirani wanamuuliza ameleta nini.

Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri. Akinyang'anywa pasipoti, akanyimwa mshahara, kisha akakimbia, mwajiri humripoti kuwa mtoro, na aliyedhulumiwa ndiye anayesakwa. Saudia ilipolegeza masharti hayo mwaka 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Kwa hiyo anayerudi mikono mitupu hakushindwa kazi. Ameporwa, na jamaa zake wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi, ikiwezekana na mtu wanayemheshimu.

Yapo mashirika yanayoifanya kazi ya kuwasaidia waliorudi kwa moyo, kama HAART la Nairobi, lenye makazi salama ya wanawake na wasichana. Matibabu, ushauri nasaha na usingizi usio na hofu hutangulia. Linaloniuma ni yanayofuata mahali pengi: kozi ya wiki chache, cherehani, picha ya pamoja, kwaheri. Kumkabidhi kila aliyerudi cherehani ni kumpangia maisha kwa mara ya pili. Huyu alikuwa akiuza samaki na anachotaka ni mtaji na friji. Yule anataka kumaliza Kidato cha Nne. Waulizwe. Na deni lishughulikiwe kwanza, la sivyo mtaji wote utaishia kwa wanaodai, naye atamtafuta ajenti tena.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu inamtishia msafirishaji kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo iliunda mfuko wa kuwasaidia waathiriwa. Lakini ajenti mara nyingi ni shangazi, jirani au rafiki wa kanisani, na kumshtaki ni kugombana na ukoo mzima. Anayekubali kutoa ushahidi anahitaji wakili, pa kulala na nauli kila kesi inapoahirishwa. Mfuko huo ubebe gharama hizo tangu siku anapoandikisha taarifa polisi.