Antena ya porini: Mechi inashindwa au kupotea kwenye bampa

SIKU ya Dabi ya Kariakoo kila shabiki anataka kuwa karibu na runinga. Lakini wapo ambao kibarua chao siku hiyo kinawapeleka katikati ya Serengeti, wageni wamejaa nyuma, simu haina mtandao hata wa kuibia. Hao ni madereva wa magari ya utalii ya Arusha.

Matokeo ya Simba na Yanga yanaweza kusubiri hadi jioni. Mgeni akizidiwa ghafla au gari likizama kwenye tope zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, hilo halisubiri. Hapo ndipo unapoangalia ile fimbo ndefu inayochezacheza kwenye bampa la mbele na kuomba Mungu fundi aliyeifunga awe alijua anachofanya.

Ishu hii inawahusu mashabiki pia. AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha unajengwa uwanja wa kuchukua watu 30,000. Wageni wakimaliza mechi leo, kesho watataka kumwona simba wa kweli.

KROSI NDEFU, SI PASI YA CHINI

Iko hivi. Magari mengi ya porini hutumia redio za aina mbili. Ya kwanza ni VHF, ambayo mawimbi yake husafiri karibu na mstari ulionyooka. Ni kama pasi ya chini: beki akisimama katikati, imekufa. Shuka ndani ya Kreta ya Ngorongoro, yenye kuta za takriban mita 600, na bila mnara wa kurudisha mawimbi huko juu, VHF inaishia humo humo.

Ya pili ni HF, kati ya megahezi 3 na 30. Hii ni krosi ndefu. Mawimbi yanapanda hadi tabaka la hewa liitwalo ionosfia, kuanzia zaidi ya kilomita 60 juu, kisha yanarudi chini mbali kabisa, juu ya vichwa vya mabeki wote. Ni ukoo ule ule wa masafa mafupi ambao wazee wetu waliutumia kusikiliza mpira kwenye redio za mbao.

Ndiyo maana AMREF, iliyoanza mwaka 1957 na kujulikana kwa madaktari wake wa ndege kutoka Nairobi, ilitegemea redio za HF kuzungumza na hospitali za vijijini.

UREFU WA KUDANGANYA

Sasa kazi inaanza. Kwa megahezi 7, antena ya robo wimbi inatakiwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 10. Hakuna dereva atakayepita nayo chini ya miti. Kwa hiyo antena ya gari hukatwa hadi mita mbili au tatu, na urefu uliobaki unafidiwa na koili ya waya.

Aina za zamani humlazimu dereva kushuka na kuhamisha kiwaya kila anapobadili chaneli. Mpya zina kifaa kinachojipanga chenyewe. Na chaneli lazima zibadilishwe, kwa sababu mchana masafa ya juu kidogo ndiyo yanayofika mbali, usiku ni zamu ya yale ya chini.

BODI NDIYO KIUNGO

Hapa ndipo wengi wanapofungwa. Mtu ananunua antena ya bei mbaya, anaipiga bolti juu ya rangi ya bampa, anaondoka. Hajui kwamba fimbo ile ni nusu tu ya timu. Nusu ya pili ni chuma cha gari lenyewe. Antena ni straika, bodi ndiyo kiungo anayemlisha. Kiungo akikosekana, straika wa dunia nzima hafungi bao.

Dawa yake si ghali. Fundi anakwangua rangi mpaka chuma kionekane pale kitako cha antena kinapokaa, anakaza bolti, kisha anapaka kinga ya kutu kwa juu. Halafu anaunganisha bampa na chasisi, boneti na bodi, kwa mikanda mifupi ya shaba iliyosukwa. Bodi ya gari hukaa juu ya mipira kwenye chasisi, na mpira haupitishi umeme.

Kwa nini bampani na siyo juu ya paa? Magari ya utalii yana paa la kufunguka na wageni husimama vichwa nje. Antena inayorusha mawimbi huunguza ngozi ya anayeishika, kwa hiyo lazima ikae mbali na mikono yao. Chini yake inawekwa springi, maana barabara ya vumbi inatikisa gari mwanzo mwisho.

MAZOEZI KABLA YA MECHI

Redio ya wati 100 hula karibu ampea 20 inapotuma. Waya wake utoke moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri, na siyo kuibia umeme kwenye tundu la kuwashia sigara.

Kisha kuna mita ya SWR, inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi badala ya kutoka. Ikisoma chini ya 1.5, mambo safi. Ikivuka 3, acha kutuma, utaiua redio. Na masafa yenyewe yanahitaji leseni ya TCRA. Huingii uwanjani bila usajili.

Jaribio la mwisho hufanyika kabla ya safari: ita kituo cha mbali, injini ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, usikie kama inaingiza kelele. Ukijibiwa safi, beba wageni. Usipojibiwa, rudi gereji, kwa sababu huko porini hakuna dakika za nyongeza.