Mtoto Akitaka Kurekodi Kwaya Nyumbani

Hapa Nkoma, fedha ya pamba ina kazi nyingi: ada, chakula, bati. Kwa hiyo kijana anapoomba kompyuta na programu ya kurekodia kwaya, sisi akina mama tumwulize kwanza anataka kufanya nini. Kama ni kurekodi sauti na kukata makosa, Audacity, iliyotoka mwaka 2000, ni ya bure na inatosha. Akitaka kupanga kinanda, ngoma na sauti nyingi, Reaper hujaribiwa siku 60 kabla ya kununua. Pro Tools tuwaachie wenye studio kubwa. Nakala za wizi tuzikatae. Nyingi huja na virusi. Fedha itakayobaki tununue maikrofoni nzuri, tena turekodi siku isiyo na mvua: kishindo cha bati hakuna programu inayokiondoa vizuri.