Milimita chache kwenye bodi zinavyoweza kumtia hasara mfugaji

KWA mfugaji wa kuku wa Kasulu au Kibondo anayetotolesha kwa mashine, siku ya 18 ni siku ya roho juu. Zimebaki siku tatu tu vifaranga watoke. Mashine ikizimika usiku huo, au ikishindwa kukata joto likapanda kupita nyuzi 37.5, mtaji wote umekwenda na maji.

Lawama huwa anatupiwa TANESCO. Lakini hata umeme ukiwapo, mashine inaweza kufa kwa sababu ndogo isiyoonekana dukani: nafasi kati ya njia za shaba kwenye bodi ya saketi.

Tangu wilaya hizi zilipoanza kupata umeme wa gridi ya taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, suala hili linamgusa mfugaji na mfanyabiashara mdogo moja kwa moja. Inveta, chaji za simu na mizani za kidijitali nazo zina bodi ndani yake.

Nafasi ina kazi gani?

Katika mashine ya kutotolesha, bodi moja hubeba umeme wa aina mbili. Upande mmoja kuna volti 5 au 12 za kipima joto na vitufe unavyobonyeza. Upande wa pili kuna volti 230 zinazowasha taa au koili ya joto. Pande hizo zikikaribiana mno, umeme mkubwa hutafuta njia ya kuvuka.

Njia yenyewe huitengeneza vumbi na unyevu. Ndani ya mashine hewa ina unyevu mwingi kwa sababu mayai yanauhitaji, na vifaranga wakitoka huacha manyoya laini. Uchafu ukilowana juu ya bodi, umeme huvuja kidogo kidogo, uso unaungua na kuwa mweusi kama mkaa, na mkaa huo nao unapitisha umeme. Mwisho wake ni shoti au moto.

Ndiyo maana viwango vipo. Vipimo vya shirika la kimataifa la IEC kwa vyombo vya umeme vya nyumbani, ambavyo vina sehemu yake maalumu kwa vifaa vya kutotoleshea na kulelea vifaranga, vinataka kwa volti 230 na bodi ya kawaida umbali wa milimita 2.5 juu ya uso wa bodi. Mahali penye uchafu na unyevu umbali huo huwa milimita 4. Kati ya umeme mkubwa na sehemu anayoweza kuishika mtu, vipimo hivyo huzidishwa mara mbili: milimita 5 na milimita 8.

Upana nao ni hesabu

Kwa watumiaji wa sola, tatizo kubwa ni upana wa njia. Kiwango cha IPC-2221, kilichotolewa mwaka 1998 na chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani, kina hesabu inayotumiwa na wabunifu wengi duniani. Kwa shaba ya kawaida ya unene wa milimita 0.035, njia ya nje inayobeba ampea 10 inahitaji upana wa karibu milimita 7 ili isipate joto zaidi ya nyuzi 10 juu ya hewa inayoizunguka. Kontrola iliyoandikwa ampea 10 huku njia zake zikiwa nyembamba kama uzi inadanganya kwa maandishi.

Tupige hesabu

Tuseme kontrola ya Sh20,000 inakufa kila baada ya miezi sita, na ya Sh60,000 inadumu miaka mitano. Ya kwanza inakugharimu Sh40,000 kwa mwaka, ya pili Sh12,000. Kwa mashine ya mayai 300, tuseme kila yai la mbegu ni Sh500, usiku mmoja mbaya unakula Sh150,000. Rahisi, wahenga walisema, ni ghali.

Cha kufanya

Kwanza, kabla ya kununua mwombe muuzaji afungue kifuniko, chombo kikiwa kimechomolewa kabisa. Usiguse ndani, maana baadhi ya vipuri hubaki na umeme. Tazama kama upande wa umeme mkubwa umetengwa kwa nafasi inayoonekana au kwa mpasuo uliokatwa kwenye bodi, na kama kuna fyuzi.

Pili, bodi isikae pamoja na mayai. Fundi aiweke kwenye kiboksi nje ya chumba cha joto, aipake vanishi maalumu ya bodi, na aongeze kifaa cha pili cha kukata joto endapo cha kwanza kitakwama.

Tatu, angalia alama ya TBS na udai risiti. Bila risiti, malalamiko yako hayana miguu.

Kwa mafundi wanaounda mashine hizi wenyewe, ujumbe ni huohuo. Kuongeza milimita chache wakati wa kuchora bodi hakuna gharama ya kutisha. Gharama huja baadaye, na anayeilipa ni mfugaji aliyeuza gunia la maharage ili anunue mashine.