Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii kwa Njia ya Mtandao: Yanayopaswa Kuzingatiwa na Watumishi wa Vijijini

Na Mwandishi Wetu

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa takribani asilimia 65 ya Watanzania wanaishi vijijini. Huko, daktari au muuguzi mwenye shahada akienda masomoni, nafasi yake kituoni aghalabu hubaki wazi. Kwa sababu hiyo, Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii inayotolewa kwa njia ya mtandao inastahili kuangaliwa kwa makini, kwani mtumishi husoma huku akiendelea kuhudumia wananchi.

Masomo yake ni pamoja na epidemiolojia, takwimu, afya ya mazingira na usimamizi wa huduma. Hata hivyo, faida kubwa kwa aliyeko kijijini ni utafiti. Chukulia rejista za MTUHA, ambazo kwa wengi ni kazi ya kujaza tu kila siku. Zikionesha kuwa wajawazito wengi huhudhuria kliniki lakini wachache hujifungulia kituoni, mwanafunzi hupaswa kutafuta sababu: je, ni mto unaofurika wakati wa masika, nauli ya bodaboda usiku, au lugha wanayopokewa nayo? Kila jibu lina tiba yake, na halmashauri haiwezi kupanga bajeti kwa kukisia. Utafiti wa namna hiyo huhitaji kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Shahada hii haimpi mhitimu leseni ya kutibu. Anayeisoma kwa matarajio ya kuwa daktari atakuwa amepotea njia mapema.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji ahakikishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwamba chuo na programu husika vinatambuliwa. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa vyuo vya nje ya nchi, kwa kuwa tuzo isiyotambuliwa haitamsaidia mtumishi katika muundo wake wa utumishi, hata kama ameitolea jasho na akiba ya miaka. Aidha, kusoma kwa mtandao hakumwondolei mtumishi wa umma wajibu wa kupata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi.

Mwisho, aulize iwapo mihadhara hurekodiwa, kwani mtandao wa simu ukikatika wakati wa mhadhara wa moja kwa moja, somo hilo litakuwa limempita.