Turbo Haijafa, Kagua Mpira Kwanza

Malalamiko ya madereva wa dizeli hufanana: kwenye tambarare gari linakwenda vizuri, likifika mlimani linakosa nguvu na kumwaga moshi mweusi. Fundi analiwasha, anapiga resi likiwa limesimama, hasikii kitu. Kuanzia hapo ni kubahatisha. Nozeli zinafunguliwa, pampu inalaumiwa, na mwishowe mwenye gari anaambiwa turbo imekufa, atafute nyingine. Mara nyingi turbo ni nzima. Kilichoharibika ni mpira unaopitisha upepo wake, au klipu iliyoubana mpira huo.

Ugonjwa huu unajificha gereji kwa sababu ya jinsi turbo inavyofanya kazi. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo linazungusha jingine lililo kwenye shafti ileile, linalovuta hewa kutoka eya klina na kuishindilia. Kwenye injini ndogo shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikishindiliwa hupata joto kali, hivyo hupitishwa kwanza kwenye kipoza upepo, ambacho mafundi wanakiita intakula, ndipo iingie kwenye injini. Gari likiwa limesimama bila mzigo, moshi ni mchache na turbo haishindilii karibu chochote. Ufa ulio kwenye mpira unabaki umefumba. Mlimani, dereva akikanyaga mafuta, mgandamizo unapanda, mpira unavimba, ufa unafunguka na upepo unatoka. Kupiga resi uani hakurudishi hali ile.

Barabara za Ngara na Biharamulo zinaufichua ugonjwa huu haraka. Njia kuu ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi inapita Nyakanazi na Lusahunga, inaingia Ngara, kisha inagawanyika kuelekea mpaka wa Rusumo na ule wa Kabanga. Ni nchi ya vilima, na sehemu yake kubwa iko kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,500, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo, kama ile ya 1HZ iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za kazi, inapungukiwa nguvu na haina pa kufidia. Yenye turbo inafidia kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi. Kwa hiyo gari linalopanda huku na mzigo tayari linaitumikisha turbo kwa bidii, na uvujaji ambao dereva wa Dar es Salaam asingeuhisi, hapa unamlazimisha kurudi gia mbili.

Moshi nao unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Magari yenye sensa inayopima hewa mwanzoni mwa njia, karibu na eya klina, hudanganyika kirahisi: kompyuta inahesabu hewa yote iliyopita hapo na kumwaga mafuta yanayolingana nayo, kumbe sehemu ya hewa imevujia njiani. Mafuta yanazidi hewa, moshi unakuwa mweusi. Magari yanayotegemea sensa ya mgandamizo kwenye manifodi hufanya kinyume. Kompyuta inaona upepo ni mdogo, inapunguza mafuta, na gari linakuwa zito bila moshi wa kutisha. Taa ya injini ikiwaka, mashine ya kupimia huweza kuonyesha kodi P0299, yaani upepo wa turbo ni mdogo kuliko unaotakiwa. Kodi hiyo haisemi turbo imeharibika. Inasema upepo haukufika, na kazi ya fundi ni kujua umeishia wapi.

Anza kwa macho na mikono, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Ndani ya mipira ya upepo huwa kuna utando mwembamba wa oili, na huo ni wa kawaida. Upepo unapotoka kwenye ufa, hutoka na oili hiyo, na vumbi jekundu la barabara zetu za changarawe hunata papo hapo. Doa jeusi lenye tope la oili kwenye maungio ya mpira ni ushahidi mzuri, kwa hiyo usioshe injini kabla ya kukagua. Pitisha vidole upande wa chini wa mpira, mahali macho hayafiki. Uminye kwenye kona, tazama kama ufa unafunguka. Vua mpira uchungulie ndani pia: wakati mwingine tabaka la ndani hubanduka na kuziba njia, huku nje ukionekana mpya. Kwenye Hilux nyingi intakula imekaa juu ya injini, hivyo mipira yake ni mifupi na inafikika. Kwenye malori ipo mbele ya rejeta, mabomba ni marefu, na mawe ya barabarani huipiga.

Macho yakishindwa, peleka mgandamizo wa mlimani gereji. Fundi wa pancha hatafuti tundu kwenye tyubu iliyosinyaa. Anaijaza upepo kwanza, ndipo anaizamisha kwenye maji. Hapa ni vivyo hivyo. Tafuta kizibo kinachoenea kwenye mpira unaoingia turbo, kwa mfano kifuniko cha bomba la plastiki, ukitoboe na kukifungia valvu ya tairi isiyo na tyubu. Fungua mpira upande wa eya klina, ingiza kizibo, kaza klipu vizuri. Ziba tundu la mpira wa pumzi ya injini unaoingia hapo, na ufungue kifuniko cha kujazia oili ili mgandamizo usisukume sili za injini. Kisha jaza upepo polepole kwa kompresa yenye kidhibiti, usizidishe PSI 15. Usisimame mbele ya kizibo, kwa maana kikichomoka hurushwa kama jiwe.

Sasa sikiliza, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila maungio, kona zote za mipira, mishono ya intakula na gasketi ya manifodi. Povu litakuonyesha. Upepo kidogo ukisikika kwenye bomba la moshi au kwenye tundu la oili usihangaike: unapita kwenye valvu zilizo wazi na kandokando ya ringi. Ukiwa mwingi mno, zungusha injini kidogo kwa spana na upime tena.

Kama hakuna povu popote, ndipo ugeukie turbo yenyewe. Tikisa shafti kwa vidole. Mchezo mdogo wa kwenda pembeni unakubalika. Wa kwenda mbele na nyuma unaohisika, au mapanga ya gurudumu yanayokwaruza nyumba yake, ni dalili ya kifo. Kagua pia mipira midogo inayoongoza turbo, kwani ikipasuka dalili ni zilezile.

Uvujaji wa upande wa kabla ya turbo ni hatari zaidi, ingawa gari huenda lisionyeshe chochote. Hapo upepo hautoki, vumbi ndilo linaloingia bila kuchujwa, na hula mapanga ya turbo, kisha ringi na silinda. Mpira wa kutoka eya klina ukiwa na ufa, usiahirishe kuubadilisha.

Katika matengenezo, usiweke mpira wa rejeta mahali pa mpira wa turbo. Umetengenezwa kwa ajili ya maji, na oili huufanya uvimbe na kulainika. Tafuta wenye nyuzi ndani unaohimili oili na joto. Kabla ya kuufunga, futa oili yote kwenye ncha za bomba, la sivyo utateleza na kuchomoka mlima wa kwanza. Klipu pana yenye boliti inabana kuliko ile nyembamba ya kukazwa kwa bisibisi, ambayo hukata mpira. Kufunga kwa vipande vya tyubu ni kwa dharura tu: nenda taratibu, gia ndogo, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, hadi penye fundi. Ikiwa turbo inamwaga oili ndani ya mpira, usiendeshe kabisa, kwa sababu injini ya dizeli inaweza kuichoma oili hiyo na kukataa kuzimika.

Kumbuka kuwa gari linalovuja halipotezi nguvu tu. Turbo huzungushwa kupita kiasi ili kufidia kinachotoka, na ikiachwa hivyo muda mrefu hufa kweli. Kwa hiyo ukiambiwa ununue turbo, mwombe fundi apime kwanza kwa upepo na sabuni mbele yako. Akishafunga mpira mpya, lijaribuni gari mlimani likiwa na mzigo, na baada ya safari chache kaza klipu upya, kwani mpira mpya hulegea ukizoea joto.