Siasa za Mpakani Katika Simu

Kila aliyepita Busia, au Malaba katika wilaya ya Tororo, ajua kwamba mpaka wa Kenya na Uganda umepita katikati ya watu walio ndugu. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vile vile. Zamani habari za siasa zilivuka mpaka huo kwa miguu, pamoja na wachuuzi wa samaki na mahindi. Siku hizi huvuka kwa WhatsApp, X na TikTok.

Kwa kawaida kundi la simu huundwa kwa ajili ya harusi, ukoo, kanisa au wanafunzi wa zamani. Uchaguzi ukikaribia, kundi hilo hugeuka baraza la siasa. Lakini barazani asemaye husimama, akaonekana, akaulizwa maswali. Katika simu ujumbe hupelekwa kwa huyu na yule, hata jina la mwandishi wake likapotea. Wenye WhatsApp waliiona hatari hiyo. Mwaka 2019 waliamuru ujumbe usipelekwe penye mazungumzo zaidi ya 5 kwa mara moja. Na mwaka 2020, ule uliokwisha kupelekwa mara nyingi, penye mazungumzo mamoja tu.

Hata hivyo mazungumzo haya yana nguvu ya kweli. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya waliufafanua Mswada wa Fedha katika simu zao, kifungu kwa kifungu. Kisha yakaja maandamano, na watu wengi waliuawa. Tarehe 26 Juni Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi.

Uganda nako, serikali ilizima intaneti siku moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, ikarudishwa tarehe 18. Lakini mawimbi ya simu hayasimami penye kizuizi cha forodha. Karibu na mpaka, mwenye laini ya Kenya aliweza kuendelea kupata habari, na jirani yake asiyekuwa nayo akabaki gizani. Wakati kama huo mwenye habari huwa ndiye gazeti la mtaa mzima. Akisema kweli, amewasaidia wengi. Akisema uongo, hakuna wa kumsahihisha.

Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Katika simu sivyo. Picha ya ghasia za Kisumu yaweza kuletwa kwetu kama ya Tororo, au ya mwaka juzi kama ya leo. Basi, kabla ya kupeleka neno, tuulize mambo matatu: nani amelisema, wapi, na lini? Asiyepata jibu na aliache hapo hapo. Kura zetu hupigwa katika nchi mbili, lakini soko letu ni moja, na kesho yake tutakutana humo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.