Kukadiria Sehemu ya Mawe kwa Kura ya Kurudia

Mpima ardhi hawezi kuhesabu mawe yote ya nchi. Hutwaa machache, akayasemea yaliyobaki. Tuseme mmoja amefika Liparamba, karibu na mpaka wa Msumbiji, akachimba mashimo manne kando ya kijito na kutwaa mawe kumi katika kila shimo. (Hesabu hizi ni za mfano tu.) Katika mawe 40, 12 ni kwatsi, yale meupe magumu: yaani 30 katika mia. Je, aitegemee 30 hiyo kwa kadiri gani?

Mwaka 1979 Bradley Efron wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza njia aliyoipa jina la kamba ya buti, kwa masihara ya mtu ajiinuaye kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Kwetu masihara hayo hayana ladha. Napendelea kura ya kurudia, kwa kuwa lataja kitendo chenyewe. Matokeo 40 huandikwa katika vikaratasi na kutiwa kibuyuni. Hutolewa kimoja, kikasomwa, kikarudishwa. Hivyo mara 40, na hiyo ni kura moja. Asiyerudisha kikaratasi atapata 12 daima, na kazi yake ni bure. Kura zikifika elfu hupangwa kwa ukubwa, zikaachwa 25 za chini na 25 za juu. Zilizobaki zitakuwa takriban kati ya 17 na 45 katika mia.

Lakini tuyatazame mashimo. Moja lilitoa kwatsi 9, la pili 2, la tatu 1, la nne halikutoa hata moja. Mawe ya shimo moja ni ndugu, yameletwa na maji yale yale. Basi kipasacho kutiwa kibuyuni ni shimo zima, wala si jiwe moja moja. Kura ikipigwa hivyo, mipaka yaenea toka 5 hata 70 katika mia! Aliyekwisha kukopa fedha za kuchimba kwa kuitumaini 30 ana haki ya kuuliza kibuyuni mlitiwa nini.

Wako waiitao “mipaka ya imani”. Neno hilo lanitia wasiwasi, maana 95 katika mia ni sifa ya njia itumiwapo mara nyingi, si ahadi juu ya kijito kimoja. Tena mashimo manne ni machache mno hata kwa mipaka hiyo mipana. Kama nguvu ni za mawe 40 tu, heri mashimo 20, kila moja mawe mawili.